Ushahidi wa Bi Ngeli

Kwa miaka thelathini na minane alifundisha Kiswahili katika shule ile ile ya sekondari, chumba kile kile cha mwisho kwenye varanda, na wanafunzi waliopita mikononi mwake walimwita jina moja, kizazi baada ya kizazi: Bi Ngeli. Alilijua, akajifanya hajawahi kulisikia. Ukweli ni kwamba lilimkaa vizuri kuliko jina alilopewa na wazazi wake, maana hakuna kitu kilichomkera kama kumsikia mtu mzima mwenye akili zake timamu akisema "vitu nyingi".

Alipostaafu, mwaka wa kwanza wanafunzi wa zamani walikuja kumsalimia. Mwaka wa pili wakapungua. Mwaka wa tatu akawa anagombana na redio. Magazeti aliyasoma na kalamu nyekundu mkononi, akizungushia makosa, kisha akayapanga chini ya kitanda kana kwamba kuna siku mhariri atapita kuyachukua. Mwanawe wa pekee, afisa katika idara ya maji, aliishi naye nyumba moja, na kila jioni alipotoka kazini alimkuta mama yake ana kesi mpya dhidi ya mtangazaji fulani.

"Mama, si watu wanaelewa lakini?"

"Hata mbuzi akilia anaeleweka," alimjibu.

Jumamosi moja asubuhi gari jeusi lilisimama mlangoni. Majirani walichungulia, kisha wakakumbuka wana shughuli ndani. Alishuka mwanamume mnene mwenye viatu vinavyong'aa na faili kwapani, akaamkia kutoka mbali.

"Shikamoo, Mwalimu."

Bi Ngeli alimtazama juu ya miwani. Benchi la nyuma, karibu na dirisha. Thelathini na moja kwa mia, na hiyo moja alimwonea huruma.

"Marahaba. Umenenepa."

"Serikali inatulisha, Mwalimu," alisema yule mgeni akicheka, akakaa. Alikuwa sasa wakili wa serikali, mwendesha mashtaka wa kesi kubwa kubwa. Hakuzunguka sana. Alitoa picha kwenye faili akaiweka juu ya meza.

Pichani alikuwapo mwanamke mfupi mwenye sare ya muuguzi, amesimama peke yake mbele ya geti la wizara, ameshika kipande cha kadibodi kifuani. Juu yake kulikuwa na neno moja kwa herufi kubwa: IMEOZA.

"Ni muuguzi wa hospitali kuu," alieleza wakili. "Alisimama pale dakika arobaini. Tumemshitaki kwa kumtusi Mkuu wa Nchi. Ingekuwa zamani tungekuwa tumemaliza, lakini siku hizi mahakimu wameanza maringo, wanataka mtaalamu wa lugha. Nikasema, mtaalamu gani mwingine?"

Bi Ngeli aliisogeza picha karibu na macho. "Kiima kiko wapi?"

"Samahani?"

"Kitu kilichooza. Sentensi haina kiima."

"Ndiyo hayo hayo, Mwalimu! Unaona ujanja wake?"

Ijulikane kwamba Bi Ngeli hakuwa mtu wa siasa. Wanaharakati aliwajua kwa mabango yao tu, na mabango yao hayakuwa yamempendeza. Aliwahi kuona moja limeandikwa "Tunataka aki yetu", akajiuliza moyoni, mtu huyu akipewa hiyo aki ataitambuaje? Serikali ilipowakamata, alisikia kwenye redio kama anavyosikia hali ya hewa ya mji mwingine. Lakini kwa miaka saba hakuna aliyekuja mlangoni kwake kuuliza maana ya neno. Sasa dola nzima, na askari wake na magereza yake, imekwama kwenye kiambishi na imemtuma mtu kwake. Alivua miwani, akaifuta taratibu, akasema atafikiria. Wakili hajafika kwenye gari, moyoni Bi Ngeli alikuwa ameshakubali.

Mwanawe aliposikia, alifurahi kupita kiasi. Alikuwa kaimu mkuu wa kitengo kwa mwaka wa nne, na kila aliyemtangulia kwenye ukaimu alikuwa ameshathibitishwa.

"Hii ni nafasi, Mama. Watu wa juu watajua wewe ni mama wa nani. Wakikuuliza, jibu walichouliza basi. Usiongeze."

"Mimi nimeongeza nini lini?"

Mwanawe aliona heri anywe chai yake.

Ripoti ya Bi Ngeli ilikuwa na kurasa tano, kwa mwandiko wa mkono, na pambizo zilizopigwa rula. Ukurasa wa kwanza ulieleza kitenzi "oza": kuharibika, kunuka, kupoteza uzima, neno la kushusha hadhi likitumiwa kwa kitu cha heshima. Wakili wa serikali alipiga simu siku ile ile kushukuru.

"Imetulia, Mwalimu. Imetulia kabisa. Ukurasa wa kwanza tu ulinitosha."

Bi Ngeli alikata simu akiwa na wasiwasi kidogo. Tangu kidato cha kwanza, shida ya mtoto yule ilikuwa hiyo: hakuwahi kusoma swali mpaka mwisho.

Siku ya kesi alivaa gauni lake la mahafali. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo na feni yake ilizunguka kwa mabawa mawili, la tatu lilikuwa limeegemezwa ukutani likisubiri fundi. Benchi la nyuma walikaa wauguzi sita, mitandio imefunika sare. Hakimu, mzee mwenye mafua, alikuwa na boksi la tishu mkono wa kulia na mafaili mkono wa kushoto, na alivitazama vyote viwili kwa uchovu ule ule.

Mshitakiwa alisimama kizimbani peke yake. Wakili wake alikuwa amekamatwa juzi yake kwa kuzungumza na waandishi wa habari kuhusu kesi hii. Hakimu alimuuliza kama yuko tayari kujitetea mwenyewe.

"Niko tayari, Mheshimiwa," alisema muuguzi, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuambiwa hakuna daktari leo.

Wa kwanza kutoa ushahidi alikuwa sajini wa polisi aliyelinda geti. Alisema alimwona mshitakiwa, akaliona neno, akaelewa papo hapo kwamba Mkuu wa Nchi anatukanwa, akaita gari.

"Ulielewaje?" muuguzi alimuuliza.

"Mama, usitufanye watoto. Kila mtu anajua."

Karani alichapa jibu hilo neno kwa neno. Wauguzi sita waliinamisha vichwa, mabega yakitikisika.

Kisha akaitwa Bi Ngeli. Aliapa, akaomba kiti kwa sababu ya miguu, akapewa. Wakili wa serikali alimwongoza vizuri katika ukurasa wa kwanza. Je, "oza" ni neno la sifa? Si la sifa. Je, mtu mwenye heshima zake akiambiwa ameoza, ametukanwa? Ametukanwa.

"Asante, Mwalimu. Kwa hiyo mshitakiwa, kwa kuandika neno lile, alimtusi Mkuu wa Nchi."

Hapo alipaswa kusema ndiyo. Midomo ilikuwa imeshafunguka. Lakini swali lilikuwa na kosa, na Bi Ngeli hakuwahi kupita kwenye kosa akaliacha limelala.

"Hapana," alisema. "Hiyo haiwezekani."

Wakili wa serikali aliinua kichwa kutoka kwenye karatasi.

"Haiwezekani kivipi?"

"Kwa ngeli. Nimeeleza ukurasa wa tatu. Mkuu ni mtu, yumo katika ngeli ya A-WA. Kama mshitakiwa angemkusudia yeye, angeandika 'ameoza'. Mkuu ameoza. Hapa ameandika 'imeoza'. Huwezi kusema 'Mkuu imeoza'. Mwanafunzi wa darasa la tatu hawezi."

Karani aliinua mikono kutoka kwenye kibodi. "Mheshimiwa, niandike? Ile sentensi ya... ile ya A?"

Hakimu alichukua tishu, akapenga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Andika kwamba shahidi alitoa mfano."

"Niandike na mfano wenyewe?"

"Andika kwamba alitoa mfano!"

Wakili wa serikali alikuwa anatoka jasho, lakini hakufika alipofika kwa kukata tamaa haraka. Aliomba dakika mbili, akasoma ukurasa wa tatu kwa mara ya kwanza, kisha akasimama. Upande wa mashtaka, alisema, unaomba kurekebisha hati. Si kumtusi Mkuu wa Nchi. Ni kuitusi Serikali, kwa kuwa Serikali ni ngeli ya I-ZI na inakubaliana na kitenzi.

"Sivyo, Mwalimu?"

"Hapo umepata," alisema Bi Ngeli, na kwa sekunde moja alimwonea fahari. Miaka ishirini na tano imepita, lakini amepata.

Ikawa zamu ya muuguzi kuuliza. Alishika ukingo wa kizimba kwa mikono miwili. Alikuwa na kucha fupi, safi.

"Mwalimu, dawa ni ngeli gani?"

"I-ZI. Dawa imeoza. Inakubali."

"Mito ya wagonjwa?"

"Mto, mito. U-I. Kwa wingi wake, mito imeoza. Inakubali."

"Meza ya upasuaji? Mikate ya wodini?"

"Yote inakubali."

"Serikali?"

"Nayo pia. Zote zinaingia."

"Sasa kama mwandishi hakutaja, nani anachagua?"

"Msomaji. Kiima kisipotajwa na muktadha usipokionyesha, msomaji hujaza mwenyewe, kwa kile anachokijua."

"Kwa hiyo sajini alijaza mwenyewe."

"Alijaza mwenyewe."

"Na wakili wa serikali?"

"Huyu amejaza mara mbili," alisema Bi Ngeli, kwa haki kabisa. "Mara ya kwanza alikosea ngeli."

Kicheko kilianzia benchi la nyuma, kikapita kwa karani, kikamfikia hakimu, ambaye alikifunika kwa tishu. Sajini peke yake hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu vidoleni ni nani hasa aliyelijaza neno lile mbele ya mahakama, na kila akihesabu alijikuta yumo.

Bi Ngeli alirudi nyumbani ameridhika. Alikuwa ameeleza jambo gumu kwa watu wengi, na wameelewa. Mwanawe alimkuta jikoni anaimba. Alisimama mlangoni, hajavua hata begi.

"Mama. Umesema nini huko?"

"Ngeli."

"Ofisini hawanisalimii. Tangu saa saba mchana hakuna anayenisalimia."

Wiki iliyofuata hakimu alimwachia huru muuguzi. Alisoma hukumu kwa mbio, akiwa na homa, na akasema mahakama haiwezi kumfunga mtu kwa neno ambalo upande wa mashtaka ndio uliolikamilisha. Wauguzi walishangilia. Mwenzao alishuka ngazi za mahakama, akafika ngazi ya mwisho, na hapo sajini akamshika mkono. Safari hii hati ilikuwa na kosa moja dogo: kuzuia njia ya waenda kwa miguu mbele ya wizara, dakika arobaini. Kwa kosa hilo hapakuhitajika mtaalamu wa lugha. Alipewa miezi mitatu kabla ya saa kumi alasiri.

Siku tatu baadaye Bi Ngeli naye aliitwa. Ofisi ilikuwa ghorofa ya nne katika jengo lisilo na kibao, lenye lifti isiyofanya kazi. Alipumzika kila ghorofa. Aliyempokea alikuwa kijana mwenye adabu nyingi, aliyemwekea mto mgongoni na kumletea chai mwenyewe.

"Mwalimu, pole na ngazi. Hatutakuchelewesha. Kuna sentensi moja tu imetuletea shida."

"Ile ya A-WA."

"Hiyo hiyo. Kwenye kumbukumbu za mahakama haimo, tumeshukuru. Lakini watu walikuwapo, wameisikia, wanaitembeza. Tunaomba usaini tu hapa kwamba hukuisema."

Alimsogezea karatasi iliyopigwa chapa. Bi Ngeli aliivaa miwani akasoma: *Mimi niliyetajwa hapo juu nakanusha kwamba nilitamka maneno hizo, yaani "Mkuu ameoza", na ikiwa nilitamka sikukusudia.*

"Maneno hayo," alisema.

"Ndiyo, maneno hayo."

"Hapana, mwanangu. Umeandika 'maneno hizo'. Ni 'maneno hayo'."

Kijana aliona haya, akachukua kalamu akasahihisha, akamrudishia. "Sasa iko sawa?"

"Sarufi iko sawa. Ila si kweli. Nilisema."

"Ulisema kama mfano tu, Mwalimu."

"Basi andika hivyo: nilisema kama mfano."

"Hatuwezi kuandika kwamba ulisema."

"Hata karatasi yako imesema. Tena kwa chapa, na mihuri juu."

Kijana aliitazama karatasi kama aliyeona mende, akaigeuza ikalala kifudifudi. Akakoroga chai ambayo haikuwa yake.

"Una mtoto idara ya maji," alisema kwa upole.

Bi Ngeli aliweka kikombe chini. "Hilo ni swali au taarifa?"

"Ni sentensi tu, Mwalimu."

Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba na hakuwahi kuogopa sentensi. Ile aliiogopa. Akilini alimwona mwanawe akinyoosha shati lake asubuhi, kola kwanza, kama alivyomfundisha. Ingekuwa rahisi. Kalamu ilikuwa imelala hapo karibu na kikombe. Lakini kwa miaka thelathini na minane aliwasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kuandika kisichokuwapo, na wengine walilia, na yeye akawaambia kulia hakubadilishi jibu. Na kitu kingine kilikuwa kimeingia, kigeni, hakukijua jina: hasira kwamba mtu anaweza kuambiwa hakusema alichosema mbele ya watu, saa nne asubuhi, akiwa ameapa.

"Mtu kutoa mfano," alisema, "si kosa. Na hata ningesema si kwa mfano..." Hakuimaliza. Aliinuka, akashukuru kwa mto, akashuka ghorofa nne ameshikilia reli.

Jumatatu mwanawe alipata barua. Alithibitishwa cheo. Si kaimu tena, mkuu kamili, tena kuanzia siku ile ile. Mkuu wa kituo cha maji kilichoko mwisho wa barabara, mwendo wa siku mbili, chenye pampu moja iliyokufa na mlinzi mmoja.

Alipakia nguo bila kuzungumza. Bi Ngeli alisimama mlangoni pa chumba, akimpa soksi.

"Walikwambia?" mwanawe aliuliza, mgongo umemgeukia. "Kabla hujakataa, walinitaja?"

"Walikutaja."

"Na ukakataa."

"Nilikataa."

"Kwa ajili ya mfano, Mama. *Mfano!*"

Bi Ngeli alimkunjia koti. Alfajiri walipoagana pale nje, mwanawe alimshika mkono, akauachia, akapanda. Hakumbusu kama kawaida yake, wala hakupiga simu alipofika.

Nyumba ikawa kubwa. Redio iliendelea kukosea, hakuijibu. Siku ya kumi, Bi Ngeli alivaa viatu vyake vya kutembelea akaenda gereza la wanawake. Akiulizwa kwa nini, asingejua kueleza vizuri. Kidogo alitaka kumlaumu mtu. Na kidogo, aibu ikimshika, alitaka kujua kiima.

Chumba cha wageni kilikuwa na meza ndefu yenye wavu katikati. Askari jela, mwanamke kijana mwenye funguo kiunoni na macho ya mtu asiyelala vya kutosha, aliwasomea sheria: dakika kumi na tano, hakuna siasa, mazungumzo ni ya familia na afya tu. Kisha akasimama hatua mbili kutoka kwao, akasikiliza bila kuficha.

Muuguzi alikuwa amepungua. Alimwamkia. Baada ya hapo wote wawili walinyamaza, maana familia moja hawakuwa.

"Miguu yako imevimba, Mwalimu," muuguzi alisema mwishowe. "Bonyeza hapo juu ya kifundo. Kinabaki kishimo?"

Bi Ngeli alibonyeza. "Kinabaki."

"Punguza chumvi. Na ulale umeinyanyua. Kapime presha wiki hii, usiseme wiki ijayo."

"Nitakwenda."

"Watoto hawajambo?"

"Ninaye mmoja, amepandishwa cheo," alisema Bi Ngeli, na kwa namna alivyosema, muuguzi hakuuliza zaidi. Dakika tano zilikuwa zimekwisha. Bi Ngeli alisogea karibu na wavu.

"Ilikuwa nini?" alinong'ona. "Kilichooza. Nimekuja na mabasi mawili kukuuliza hilo tu."

Askari jela alikohoa. "Hakuna siasa, nimesema."

"Si siasa hii, afande," muuguzi alisema. "Ni afya." Akamgeukia Bi Ngeli, na hakunong'ona. "Ilikuwa chanjo. Chanjo ya watoto. Friji ya kliniki yetu pale hospitali kuu ilikufa, ikakaa wiki tatu, na chanjo humo humo ndani. Watoto wakaendelea kuchomwa. Watoto mia tatu na kitu, wamechomwa maji, na mama zao wamerudi nyumbani wanajua wamekingwa."

Bi Ngeli, kwa kuwa hakuweza kujizuia, akasema, "Lakini chanjo haiozi. Inaharibika."

"Nilijua utasema hivyo." Kwa mara ya kwanza muuguzi alicheka. "Ndivyo nilivyoandika. Niliandika barua kumi na moja, Mwalimu. 'Chanjo imeharibika.' Kiima kipo, kitenzi kipo, tarehe ipo. Hakuna aliyejibu. Mkuu wangu akaniita, akaniambia nikitaja chanjo nje ya hospitali nimetoa siri ya kazi, ni miaka mitano. Basi nikaliondoa neno chanjo. Nikatafuta na kitenzi kinachonuka kidogo. Barua nzima hawakusoma. Neno moja, wakaja na magari mawili."

"Kwa nini hukusema mahakamani?"

"Tusi ni miezi, siri ya kazi ni miaka mitano."

"Na sasa umesema."

"Sasa nimo ndani. Watanikamata wanipeleke wapi?" Alikuna mkono wake, ambao ulikuwa na vipele vya kunguni. "Lakini nikwambie kitu. Siku ile getini nilikuwa nawaza chanjo, wala sikuwaza Mkuu wala serikali, haki ya Mungu. Sasa nimekaa hapa, nimepata nafasi ya kufikiri. Naona sajini alisoma vizuri."

Bi Ngeli aligeuka haraka kumtazama askari jela, akidhani watakatizwa kwa kuwa hapo sasa ni siasa tupu. Askari hakuwa akiwatazama. Alikuwa ameshika funguo zake kwa mkono mmoja zisilie, na midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu.

"Muda," alisema baadaye, ingawa zilibaki dakika tatu.

Alimsindikiza Bi Ngeli mpaka geti dogo, akamrudishia mkoba na kitambulisho. Hakufungua. Alisimama na ufunguo ndani ya kitasa.

"Mwalimu. Hiyo friji. Ilikufa mwezi gani?"

"Sikumuuliza."

"Wangu alichomwa mwezi wa tatu. Pale pale hospitali kuu." Alikuwa anasema taratibu, kama anayesoma maandishi madogo. "Wa tatu, mwanzoni."

"Mimi ni mwalimu wa sarufi, mwanangu. Anayejua yuko huko ndani."

"Haturuhusiwi kuongea na wafungwa. Ni amri tu tunawapa."

Bi Ngeli aliuweka mkoba begani, akafikiri.

"Basi mwamuru akwambie," alisema.

Askari jela alimtazama, kisha akatazama juu, kwenye dirisha la ofisi ya mkuu wa gereza. Pazia lilikuwa limefungwa. Alimfungulia geti, akalifunga nyuma yake kwa mizunguko miwili, na Bi Ngeli, aliyesimama nje akisubiri miguu ipate nguvu, alimsikia akirudi ndani kwa hatua za haraka, funguo zikigongana.